Shibe ya Tano

Kwa miaka sita niliwafundisha wasichana wa sekondari, kisiwani Mombasa, namna maziwa ya mama yanavyoshuka. Nilikuwa nikichora ubaoni kichwa cha mwanamke, kisha kifua chake, kisha mishale ya chaki nyekundu ikipanda na kushuka baina ya viwili hivyo. Wasichana walifinyana na kucheka kichinichini. Mimi sikucheka. Nilikuwa mwalimu mkali, wala sioni haja ya kuficha, na somo lile la homoni nililipenda kuliko yote kwa sababu lilikuwa na mpango wake: hiki huleta kile, kile huleta kingine, na mwisho mtoto hushiba.

Kisha nikazaa mimi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na binti yangu mwenyewe akakaribia kufa njaa mikononi mwangu.

Nieleze kwanza lile nililokuwa nikilijua, maana ujuzi wangu ulikuwa sehemu ya balaa. Maziwa yana kazi mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuyatengeneza, na kazi hiyo ina homoni yake. Ya pili ni kuyatoa yaliyokwisha tengenezwa, na hiyo ni kazi ya oksitosini. Ziwa la mama mzazi limejaa vifuko vidogo mno, na kila kifuko kimezungukwa na misuli myembamba. Mtoto akinyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo. Chini ya ubongo pananing'inia tezi moja ndogo, kama punje ya mbaazi, nayo huiachilia oksitosini iingie katika damu. Damu huichukua hadi kifuani, misuli ile hujikaza, vifuko hukamuliwa, na maziwa hutoka. Watu hudhani mtoto hunyonya kwa nguvu zake peke yake, kumbe mwili wa mama nao humsukumia.

Homoni hiyo hiyo ndiyo hukaza mji wa mimba wakati wa kujifungua, na huendelea kuukaza siku za baadaye kila mama anaponyonyesha. Lile tumbo la kusokota ambalo wanawake wetu huliita chango, sehemu yake kubwa ni kazi ya oksitosini. Na hapa pana jambo la ajabu kidogo kwa homoni: humsikiliza mwenye mwili. Mama akiwa ametulia hutoka hata kabla ya mtoto kuguswa, kwa kumsikia tu akilia. Mama akiwa na hofu, au haya, au maumivu, ubongo huizuia, na badala yake humwaga ile homoni ya mtu anayekimbizwa. Njia hufungwa. Maziwa yapo, na hayatoki.

Niliyajua haya hata nikiwa juu ya kitanda cha hospitali. Uchungu wangu ulikuwa mvivu, kwa hiyo muuguzi akanitundikia chupa ya maji yenye dawa ya kuuharakisha. Nikamuuliza kama ni oksitosini. Akaitikia kwa kichwa. Basi nikaanza kumsomesha: kwamba kichwa cha mtoto kikisukuma chini, ubongo huongeza homoni, na homoni ikiongezeka kichwa husukuma zaidi, na kadhalika mpaka mtoto atoke. Aliniacha niseme mpaka uchungu wenyewe ukanikata kauli. Ndipo akaniambia kwa upole kabisa, “Haya mwalimu, sasa nyamaza tuzae.”

Tukazaa. Msichana, mwenye nywele nyingi na hasira nyingi, na wote waliomwona walisema hasira ni zangu.

Siku ya tatu nilipelekwa kwa mama yangu, Ndia Kuu, kukaa arobaini. Kwetu mwanamke hazai akarudi kwa mumewe. Huenda kwa mamake siku arobaini, akandwe, alishwe, afungwe tumbo, na mumewe huja kumwona kama mgeni. Mume wangu, karani wa bandarini, mtu mpole kuliko nilivyostahili, alikuwa akija baada ya Magharibi na kukaa kitini karibu na mlango, mikono juu ya magoti, akiuliza habari za mtoto kwa sauti ya mtu aliye ofisini kwa mkubwa wake.

Nyumba yetu ilikuwa ya orofa tatu. Chini palikuwa na duka la vinyago la mpangaji. Orofa ya kati tulikaa sisi, na ya juu kabisa alikaa kaka yangu na mkewe, wifi yangu, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kiume miezi mitatu kabla yangu. Kaka siku zile alikuwa safarini kikazi. Wifi alikuwa Mdigo wa bara ya Kwale, amelelewa kwa jembe na kisima, na kabla ya kuolewa alikuwa fundi cherehani katika duka moja la kanzu huko Makadara. Sisi ukoo wetu ulitoka Arabuni, zamani sana kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka ilikuwa lini, lakini hatukuacha kukumbushana.

Sikumpenda. Bora niseme wazi. Siku ya harusi yake, alipokuwa akiingizwa ukumbini kwa vigelegele, nilimwinamia binamu yangu nikasema kwamba bibi harusi anatembea kama aliyejitwika ndoo. Nilidhani nimenong'ona. Sauti ya mwalimu haijui kunong'ona. Wifi alinisikia, akageuza macho kidogo, akaendelea kutembea vile vile. Kwa miaka miwili baada ya hapo, kila nilipopita kwa mama asubuhi tulisalimiana kwa adabu timilifu, sabalkheri wifi, sabalkheri, umeamkaje, alhamdulillahi, na hakuna lolote zaidi ya hilo.

Maziwa yangu yaliingia siku ya nne. Yaliingia kwa fujo. Kifua kikawa kigumu na cha moto, ngozi ikang'aa. Mama alifurahi akasema mtoto atakula mpaka achoke. Akanipikia supu ya pweza, uji wa pilipili manga, na mchele wa nazi, akanisimamia nikimaliza. Mkunga wa mtaani alikuja kila asubuhi kunikanda kwa maji ya moto na majani, akanikaza mkaja tumboni mpaka nikashindwa kupumua sawasawa, kisha akanifukiza udi. Yote hayo yalikuwa mazuri. Kisha mtoto aliwekwa kifuani, akashika, akanyonya mara kumi, ishirini, akaachia, akapiga kelele.

Hapakutoka ila matone.

Nikajaribu tena. Mama alisimama upande huu, mkunga upande ule, kila mmoja na shauri lake, mmoja akiniinua kiwiko na mwingine akinishusha bega, wote wakisoma bismillahi. Mimi nilikuwa na saa yangu ya mkono na daftari. Nilikuwa nikiandika: ameshika dakika kadhaa, ameachia, analia. Nilijisimamia kama ninavyosimamia mtihani. Nilikuwa najua hasa kinachonifungia maziwa, yaani hofu, na kila nikijua nilizidi kuogopa, na kila nikiogopa nilimwona ubongoni mwangu yule tezi mdogo amekaa tu, hafanyi kitu. Nikamchukia. Nilikaa nikichukia kiungo changu mwenyewe kisichofika ukubwa wa kitasa cha dirisha, na mtoto analia.

Lakini kulikuwa na kosa jingine mle nyumbani, na hilo lilikuwa la mama. Mama alishikilia kwamba wanawake wawili wanaonyonyesha wasikae chumba kimoja, kwa sababu mwenye maziwa mepesi kutoka humvuta mwenzake, na yule mwingine hukauka. Alilipata kwa mamake, na sikumbuki kumwona mtu yeyote akilitilia shaka. Kwa hiyo tangu siku niliyofika, wifi alikatazwa kushuka orofa yetu. Alikuwa akileta kanga alizonifulia na kuziweka kwenye ngazi, kisha anarudi juu. Mimi niliona ni sawa. Nilikuwa na shahada ya biolojia, nami niliona ni sawa, kwa kuwa lilinifaa nisimwone.

Siku ya Jumatatu tulimpeleka mtoto kliniki. Muuguzi alimweka kwenye mizani, akaangalia, akaangalia kadi, akamweka tena. Uzito ulikuwa umeshuka chini ya ule aliozaliwa nao, na ulikuwa umeshuka zaidi ya inavyotarajiwa kwa mtoto wa umri ule. Alinibonyeza kifua, akaona kimejaa, akanifundisha kukamua kwa mkono. Yakatoka matone ya kujaza kijiko kimoja. Akasema nirudi Ijumaa, na kama hajaongeza, atalazwa. Nilitaka kumwambia kwamba najua kila anachonieleza. Sikusema. Nilikuwa nimeanza kuiogopa sauti yangu.

Tulijaribu maziwa ya kopo kwa kijiko. Yalimtapisha yote, kisha akaanza kuharisha, na asubuhi ya Jumatano midomo yake ilikuwa imekauka na utosi umebonyea kidogo. Mume wangu alikwenda kumuuliza muuguzi, akarudi na jibu kwamba tuyaache yale ya kopo, na kama nyumbani yuko mama mwingine mwenye maziwa, tumshukuru Mungu.

Alikuwako. Alikuwa juu ya vichwa vyetu, akimnyonyesha mwanawe mpaka anacheua.

Mama aliinua macho darini. Najua alilokuwa akiliwaza, kwa sababu alikuwa amekwisha kulisema siku ile ile nilipojifungua: mtoto wangu wa kike na mtoto wa kiume wa kaka yangu waje waoane, nyumba ibaki ndani ya damu. Kwetu watoto wa ndugu huoana, na mama alikuwa ameshawaoza akilini mwake na kuchagua hata rangi ya pazia. Lakini katika dini yetu, mtoto aliyenyonya kwa mwanamke shibe tano, kila moja mpaka akaachilia mwenyewe, huyo ni mwanawe wa kunyonya. Na watoto wa mwanamke huyo huwa ndugu zake, hawaoani tena kamwe.

“Shibe nne,” mama akasema. “Nne hazina neno. Ya tano hapana.”

Nikamuuliza itakuwaje kama nne hazikutosha. Akanijibu kwamba hapo katikati maziwa yangu yatakuwa yameshuka, inshallah, na kama hayakushuka atamtafuta mwanamke mwingine wa ukoo. Nikasema basi wifi amkamulie kwenye kikombe, tumnyweshe kwa kijiko. Mama akanitazama kwa huruma, mwalimu mzima kutojua jambo kama hilo, akaniambia kwamba hata kijiko huhesabiwa.

Basi akamchukua mtoto, akapanda naye ngazi. Mimi nikabaki chini.

Sitasahau ukimya ule. Chumba cha wifi kilikuwa nyuma, upande wa kichochoro, na kuta za nyumba zile za kale ni nene. Kilio kilipanda ngazi, kikaingia mlango wa juu, kikakatika. Nilikaa kitandani na kifua changu kinaniuma, nikijua kwamba mtoto wangu anakula. Furaha ilikuja, nisiseme uongo. Wivu nao ulikuja, ukakaa mahali pakubwa zaidi. Niliwaza mkono wa wifi chini ya kichwa cha mwanangu. Niliwaza kwamba siku moja atanisemea mbovu, na atakuwa na haki, kwamba yule mwalimu wa homoni alishindwa hata na kile ambacho mbuzi hawashindwi. Mama aliposhuka naye amelala, amechangamka rangi, nilimpokea bila kuuliza lolote juu ya yule aliyemshibisha.

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Ya pili ilikuwa adhuhuri, ya tatu kabla ya Magharibi, na baina yake tulimpa vijiko vya matone yangu. Ya nne ilikuwa Alhamisi asubuhi. Mama alihesabu kwa vidole na kunitajia kila aliposhuka. Na kila mara nilipomweka mtoto kifuani kwangu mwenyewe nilikuwa najiambia, sasa, sasa, imebaki moja tu, mwili wangu utaona kwamba imebaki moja tu. Ningemwonea huruma mwanafunzi aliyeandika upuuzi kama huo katika mtihani.

Alhamisi alasiri mama alivaa buibui akaenda khitma ya jirani yetu wa zamani, Makadara. Aliniambia kwamba huko ataonana na mke wa mtoto wa ami yake, aliyekuwa akinyonyesha, amwombe aje kabla ya jua kutua. Mkunga alikuwa amekwisha kuondoka. Nilibaki na mtoto peke yangu kwa mara ya kwanza tangu nizae.

Alilia kwa muda, na mimi nilijaribu, na ikawa yale yale. Kisha akaacha kulia. Nilidhani amelala. Nilimgusa shavu, macho yake yalikuwa wazi nusu na hayakunitafuta. Nikamweka tena kifuani. Hakushika, mdomo ulibaki umefunguka tu juu ya chuchu. Hapo niliogopa kwa namna ambayo sijapata kuogopa kabla yake wala baadaye. Magharibi ilikuwa mbali sana.

Nikampakata nikatoka. Mzazi wa siku kumi na moja hapandi ngazi, tena ngazi zile, zenye vipandio virefu na giza. Nilipanda nimeegemea ukuta, mkaja unanikata, na nilipofika juu sikubisha hodi, mguu wangu ndio uliosukuma mlango.

Wifi alikuwa amekaa kitandani akikunja nepi. Mwanawe alikuwa amelala kando yake. Alimwona mtoto kabla hajaniona mimi, akasimama, akanyoosha mikono. Lakini hakumchukua mara moja.

“Wifi,” akaniambia, “hii ni ya tano.”

Kumbe naye alikuwa akihesabu. Sijui kwa nini hilo lilinishtua. Nilikuwa nimedhani hesabu ni ya kwetu tu.

“Najua,” nikasema.

“Mama yuwajua?”

“Hajui. Mpe.”

Akamchukua. Alikaa, akafungua gauni, akampapasa mtoto nyayo kwa kidole gumba, akamkwaruza taratibu chini ya kidevu, akamkamulia tone moja kwenye midomo, kisha jingine. Hakuwa na haraka. Mtoto alilamba. Akalamba tena. Kisha akashika, nami nikaisikia kwa masikio yangu ile sauti ambayo siku zote ilikuwa imefichwa na kuta, mtoto anameza. Meza, pumzi, meza, pumzi. Nilikaa kitandani ubavuni mwa wifi, bega langu likagusa lake, na hakusogea.

Nikamwomba radhi. Sikupanga. Nilisema kwamba siku ya harusi yake nilisema neno baya, na kwamba nilijua alinisikia, na kwamba kwa miaka miwili nimekuwa nikingoja apate kulisahau ili nisilazimike kulitubia.

Alimtazama mtoto.

“Ilikuwa kweli,” akasema. “Maji nimejitwika toka nna miaka sita. Shingo haisahau. Kilichoniuma ni kuwa wewe ndiwe uliyekuwa umevaa gauni nililolishona mimi, na ulilisifu.”

Nililikumbuka lile gauni, la hariri ya kijani, na nilivyoligeuza geuza nikisema mshono huu si wa hapa. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka, na badala ya kujitetea, jambo ambalo ndilo ningelifanya siku yoyote nyingine, nililia. Nililia bila sauti, pua inanitiririka, mbele ya mtu ambaye nisingependa anione hata nimevaa leso mbovu. Wifi alimshika mtoto kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaanza kunisugua mgongo, juu chini, juu chini, bila kunitazama, namna ambayo bila shaka alikuwa akimsugua mwanawe apate kucheua. Hakuniambia ninyamaze.

Sikuwa na saa. Sikuwa na daftari. Sikuwa nimemfikiria yule tezi kwa muda sijui mrefu kiasi gani.

Kwanza lilikuja tumbo, mkazo mmoja mzito wa chini, mpaka nikainama. Nilidhani ni zile ngazi. Kisha kifua changu kilichoma, vijisindano vingi kutoka makwapani kuja mbele, pande zote mbili kwa pamoja. Nilipotazama chini gauni langu lilikuwa na duara mbili za maji, na duara zilikuwa zinakua. Yakapita kitambaa. Yakanidondokea mapajani. Mimi niliyewachorea wasichana wengi wa watu mishale ya chaki nilikaa nikiyatazama kama kioja cha sarakasi, na sikuweza hata kutamka jina la kitu kile.

Siku hizi watu husema mengi juu ya homoni hii. Wengine wameifanya dawa ya mapenzi, ati mtu akikumbatiwa tu basi anaipata na huzuni inakwisha. Mimi huwaambia wapunguze. Nilichokiona ni kidogo na ni wazi: mwili wangu ulikuwa ukijilinda dhidi ya mtu mmoja, na ulipoacha kujilinda, ulifunguka.

Wifi aliona gauni. Aliona kabla sijasema kitu. Akaacha kunisugua mgongo, akapeleka kidole chake kidogo kwenye pembe ya mdomo wa mtoto, ili amwachishe ziwa.

“Mtwae upesi,” akasema. “Hajashiba bado. Ukimtwaa sasa haihesabiwi, na mama hatakuwa na la kusema.”

Alikuwa anasema kweli. Nne na nusu si tano. Kila nilichokuwa nikikiomba siku nane zile kilikuwa kinanidondoka mapajani, na mtoto angekuwa wangu peke yangu, bila mshirika, na ndoto ya mama ingebaki mahali pake. Ilikuwa ni kunyoosha mikono tu. Nilimtazama wifi, kidole chake kimekaa tayari, uso wake umetulia kabisa. Alikuwa amempa mwanangu maisha mara nne kwenye chumba ambacho sikuthubutu kuingia, na sasa alikuwa anajitayarisha kunirudishia mtoto, deni lote lifutike, kama mtu ambaye hakupita.

“Muate,” nikamwambia. “Muate amalize.”

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae pale. Aliuliza kama najua nisemalo. Nikasema najua. Akakitoa kile kidole.

Mama nilimweleza jioni ile ile. Alinuna mpaka Jumapili, na kwake huo ni muda mfupi. Ijumaa mizani ya kliniki ilisogea, si sana, lakini ilisogea upande tuliotaka, na tangu hapo wifi alishuka kila siku kukaa nami tukinyonyesha chumba kimoja, na hakuna aliyekauka. Mtoto wake naye ameingia nyumbani kwangu bila hodi maisha yake yote, kama kaka anavyoingia kwa dadake.

Lakini hayo ni ya baadaye. Alasiri ile tulikaa, sisi wawili, maziwa yangu yanamwagika bure na yake yanamezwa, na sikutaka haraka ya chochote. Binti yangu alinyonya mpaka mikono yake ikakunjuka, kisha akaachilia mwenyewe, mdomo wazi, tone jeupe kwenye kidevu. Wifi alilipangusa kwa ncha ya leso yake. Akamwinua, akanigeukia, akaniwekea mapajani juu ya ule unyevu.

“Haya,” akasema, “mshike mwanetu.”

Nikamshika.